Uso Uujuao na Uso Uliouona Mara Moja

Mji wa Kale, Mombasa, mwanamke akipita na buibui na nikabu, macho tu yanaonekana, mtoto wa miaka minne humkimbilia bila kusita: "Shangazi!" Wala hakosei. Mambo kama haya hutufanya tuamini kwamba ubongo haushindwi na uso. Imani hiyo tunaingia nayo hadi mahakamani, na hapo ndipo inaponitia hofu.

Wanasayansi wamevutana kuhusu kipawa hiki. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake walieleza sehemu ndogo ya ubongo, kwenye upande wake wa chini, aghalabu upande wa kulia, inayosisimka zaidi mtu atazamapo uso kuliko atazamapo vitu vingine. Kwa Kanwisher, hiyo ni sehemu maalumu ya nyuso. Isabel Gauthier akapinga. Mwaka 2000 yeye na wenzake walionyesha kwamba sehemu hiyohiyo huamka kwa mabingwa wa kutambua ndege wenye manyoya watazamapo ndege hao, na kwa mabingwa wa magari watazamapo magari. Kwake, kinachoiamsha ni ubingwa, na uso ni kitu ambacho sote tumebobea.

Siwezi kuupuuza upande wa kwanza. Wako watu ambao, baada ya kuumia ubongo, hawamtambui hata mke kwa sura, ilhali kikombe na kiti wanavijua. Lakini tukija kwenye swali la nani anayekosea na lini, mazoea ndiyo yanayonishawishi zaidi. Mwaka 1980 Peter Thompson alichukua picha ya Margaret Thatcher, akapindua macho na mdomo tu. Picha ikiwa juu chini, huoni kasoro kubwa. Igeuze isimame wima, utashtuka. Ubongo husoma mpangilio wa uso mzima, na umezoea kuusoma ukiwa wima.

Jaribio linalonikaa zaidi moyoni ni la Rob Jenkins na wenzake, la mwaka 2011. Waliwapa Waingereza picha 40 wazipange kwa kila mtu fungu lake. Watu waliopigwa picha walikuwa wawili tu, mashuhuri Uholanzi. Wengi walitoa mafungu saba, manane, hata zaidi. Waholanzi, waliokuwa wakizijua sura zile, karibu wote walitoa mawili. Macho ni yaleyale. Tofauti ni kujuana. Yule mtoto anamjua shangazi yake kwa macho, mwendo na sauti ya siku zaidi ya elfu moja.

Mahakama za Kenya zinaitambua tofauti hiyo: katika kesi ya Anjononi, 1980, zilisema kumtambua unayemjua kunaaminika kuliko kumtambua usiyemjua. Na tangu kesi ya Abdalla bin Wendo, 1953, ushahidi wa mtu mmoja aliyeona katika mazingira magumu hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Wapo wanaouliza: je, aliyeporwa usiku na mtu asiyemjua akose haki? Uchungu wao naujua, na sisemi asisikilizwe. Anaposema "nilimwona kwa macho yangu" hadanganyi. Ila kabla ya kumuuliza ana hakika kiasi gani, ningetaka aulizwe kwanza: uso ule, kabla ya usiku huo, alikuwa ameuona mara ngapi?