Shikamoo Chini ya Gari

Mjomba wangu alikuwa fundi gereji mtaani Gerezani tangu enzi za Peugeot 404, na mpaka leo hawezi kupita kwenye gari lililoegeshwa bila kuinama kuchungulia chini. Juzi juzi alikuja Dar akavaa koti lake jeusi, akaniambia nimpeleke akaone gari la Mwalimu.

Tukaenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Nikaanza kwa mbwembwe na habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Mjomba akasema, "Maskini, poleni wafiwa," akauliza magari yako wapi.

Alipoiona ile Rolls-Royce, iliyowabeba wakubwa wa Kiingereza kisha ikambeba Nyerere, akavua kofia. Nikajua mzee analia. Kumbe ananusa.

"Mjomba, hii gari inavuja."

"Litavuja nini, Mjomba, na halitembei?"

"Hata wewe ukilala unatoka mate. Lete hilo gazeti."

Kabla sijaangalia kama mlinzi yupo, gazeti limetandikwa na mzee ameingia kinyumenyume, zimebaki kobazi tu. Nikamsikia akisifu, "Ah, kazi ya watu hii! Hizi nati hazijaonja spana ya Kariakoo!" Kisha kimya.

"Mjomba."

"Naam, Mjomba."

"Nimenaswa."

Koti lilikuwa limeshikwa na kitu huko chini. Nikamwambia alivue atoke. Akasema koti hilo alilishona kwa ajili ya harusi ya bintiye, halivuliwi sakafuni.

Hapo ndipo walipoingia watoto wa shule, darasa zima, mwalimu wao nyuma na mlinzi mbele. Mlinzi akaona miguu. Akafungua mdomo kufoka, lakini miguu ile ilikuwa ya mtu mzima, nyufa za kisigino zinasema wazi. Adabu ikamtangulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Darasa zima likadakia, "Shikamoo, babuuu!"

"Marahabaaa, wajukuu!"

"Ni fundi wa Mwalimu Nyerere!" akapiga kelele kijana mmoja, na madaftari yakafunguliwa. Mwingine akainama karibu na kobazi. "Babu, Mwalimu alikuwa anakulipa shilingi ngapi?"

"Hajawahi kunilipa hata senti!"

Ukweli mtupu, maana hawakuwahi kukutana. Mwalimu wa watoto akatikisa kichwa kwa hisia. "Mnaona uzalendo? Andikeni."

Wakaandika.

Mlinzi na mimi tukashika mguu mmoja mmoja. Mara ya kwanza ikatoka kobazi. Ikabidi mlinzi apenyeze mkono, apapase, ainasue koti, na mzee akatoka na masizi kwenye paji la uso. Gazeti lilikuwa kavu kabisa. Doa lenyewe lilikuwa maji ya deki.

"Mzee, hairuhusiwi kugusa magari."

"Mimi sikuligusa. Lenyewe ndilo lilinishika."

Mlinzi akatuambia tumfuate. Nikaanza kupiga hesabu ya faini kichwani. Akatupitisha getini hadi kwenye Vitz moja imeegeshwa chini ya mti, akashusha sauti: "Mzee wangu, hii nikikata kona inalia ko-ko-ko."

Mjomba akavua koti, akanikabidhi.