Refa, Kuponyokwa na Mpira Si Dabo

Kuna filimbi moja inachosha kweli kwenye viwanja vyetu vya mpira wa kikapu vya Mbeya na Iringa. Gadi, yule mchezaji anayepandisha mpira, anatupiwa pasi, mpira unamgonga kiganjani, unamponyoka, unadunda mara mbili kwenye saruji, anaukimbilia na kuudaka kwa mikono miwili. Halafu anaanza kudunda. Priiii! Kiganja cha refa kinapiga hewa juu chini, benchi la wapinzani linaruka, na jamaa waliokaa ukutani wanapasha: "Kashadabo huyo!" Kadabo nini, wakati ndiyo kwanza anaanza kudunda? Dabo ni kudunda tena baada ya kumaliza kudunda.

Kanuni ya 24 ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haina fumbo hapo. Kudunda kunaanza pale mchezaji ambaye tayari anaumiliki mpira anapoutupa, kuugonga au kuuviringisha sakafuni, kisha akaugusa tena kabla haujagusa mchezaji mwingine. Kunakwisha akiugusa kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, au akiuacha utulie mkononi. Na mpira ulioponyoka kwa bahati mbaya, iwe mwanzo au mwisho wa kudunda, hauhesabiwi kuwa ni kudunda. Imeandikwa hivyo hivyo. Huyo gadi ana haki zake zote: adunde, apasi, ashuti.

Sasa tuugeuze mkasa. Gadi amedunda kutoka nusu yake, akaukamata kwa mikono miwili, ukamchomoka, ukadunda, akaudaka tena. Kuudaka ni halali, na bado anaruhusiwa kupasi au kushuti. Akidunda tena, hapo ndipo penye dabo, isipokuwa kama mpira ulipochomoka uligusa mchezaji mwingine, awe mpinzani au mwenzake. Kwa hiyo refa hana kazi yoyote na filimbi mpaka aone kinachofuata baada ya kudaka. Ni kusubiri nusu sekunde tu! Lakini wengi wanapuliza mpira ukiwa bado unadunda chini, kwa sababu tukio limeonekana baya. Tangu lini ubaya ukawa kosa? Kama ni hivyo, nusu ya mechi zetu zifutwe.

Na huku Nyanda za Juu jambo hili linatakiwa lijulikane kuliko hata Dar. Juni na Julai, jua likishazama, hewa ndani ya mpira inasinyaa. Mpira uliojazwa saa saba mchana ukaonekana sawa, saa moja jioni haupandi vizuri. Vidole vimekakamaa, saruji ina unyevu, na ikiwa na ufa mpira unakwenda upande wake. Mtu anaponyokwa mara kibao kwenye mechi moja bila kuwa na kosa lolote. Refa anayepuliza kila mara ajue anaadhibu baridi.

Sawa, wapo wajanja wanaojifanya umewaponyoka, hilo siwezi kulikataa. Ila kuwakamata si uchawi. Tazama mkono. Mpira ulioponyoka hutoka kwa upande au kupitia kati ya vidole, na mwenyewe anaonekana kushtuka, mwili umebaki nyuma ya mpira. Uliosukumwa unakwenda chini na mkono unaufuata, kiwiko kinanyooka, na miguu imeshaanza safari kabla mpira haujagusa saruji. Huo ni mdundo. Uhesabu kama mdundo, na kama alikuwa ameshamaliza kudunda, puliza.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Mpira uliodundwa ukapita bega hauna kosa. Hakuna kanuni ya bega. Swali ni kama umetulia kiganjani, mkono ukiwa chini yake, kisha akaendelea kudunda. Anayedunda akaurusha juu ya kichwa cha beki na kuzunguka upande wa pili, mwache, mradi mpira uguse sakafu au mchezaji mwingine kabla yeye hajaugusa tena. Akiuwahi hewani, hilo ni kosa. Mpira ukimgonga mguuni mwenyewe bila kukusudia, mchezo uendelee. Umeguswa na beki? Ukimrudia, anaanza kudunda upya, hata kama alikuwa ameshamaliza.

Halafu kuna wale wanaokesha na NBA, ligi ya Marekani. Mtu akishuti, mpira usiguse chochote, akaudaka mwenyewe, wanapiga kelele. Kwa NBA wako sahihi: mpiga shuti hawezi kuwa wa kwanza kuugusa kama haujagusa ringi, ubao au mchezaji mwingine. Sisi tunacheza FIBA, na kwa FIBA, refa akiridhika kwamba ilikuwa shuti ya kweli, mchezo unaendelea. Refa anayeyumbishwa na kelele za waliokaa ukutani katika hili arudishe filimbi.

Na mstari wa kati jamani! Anayedunda kutoka nyuma, yaani nusu yake, hajahesabiwa kuwa mbele mpaka mpira na miguu yake yote miwili viwe vimegusa upande wa mbele. Mguu mmoja ukiwa bado nyuma, akirudi anarudi zake, si kosa la kurudisha mpira nyuma, na hesabu ya sekunde 8 za kuuvusha mpira mbele inaendelea.

Kinachokera zaidi ni nani anapuliza. Mechi ina marefa wawili, dabo inatokea huku juu karibu na mstari wa kati, na filimbi inatoka kwa aliyesimama chini ya ringi, aliyeuona mpira kupitia migongo ya watu wanne. Mwenzake yuko hatua tatu kutoka kwa gadi, kanyamaza, kwa sababu ameona mkono vizuri. Wewe wa chini angalia viwiko na mabega ya wanaosukumana hapo mbele yako. Mpira wa juu una mwenyewe.