Watu wa Badung Hawakujiua

Kila nisomapo habari za Bali, kisiwa cha Indonesia, mwaka 1906 nakutana na neno lile lile: watu wa Badung, ufalme wa kusini ya kisiwa hicho, "walijiua". Neno hilo linanichoma, maana linamwondoa kabisa aliyeshika bunduki.

Mambo yalianzia kwenye chombo kimoja. Mei 1904, Sri Kumala, chombo cha mfanyabiashara Mchina kilichopeperusha bendera ya Uholanzi, kilipanda mwamba karibu na Sanur, pwani ya ufalme wa Badung. Mwenye chombo akadai wenyeji wamempora. Waholanzi wakamtaka mfalme alipe fidia, gilda 7,500. Watu wa Sanur wakala kiapo kwamba hawakuchukua kitu, na mfalme wao akakataa katakata kulipa. Namheshimu kwa hilo. Angelipa, angekuwa amewaita watu wake wezi, tena waongo.

Waholanzi wakaifunga pwani kwa meli, na Septemba 1906 wakateremsha askari Sanur. Manowari zikaipiga Denpasar, mji wa mfalme wa Badung, kwa mizinga kutoka baharini. Nani anapeleka jeshi zima kudai deni la chombo kimoja? Buleleng, kaskazini ya kisiwa, walikwisha kuitiisha tangu 1849, na Lombok, kisiwa jirani, mwaka 1894. Sasa walizitaka falme za kusini.

Septemba 20 lango la kasri lilifunguka. Mfalme alitoka amebebwa kwa machela, kavaa nyeupe, vazi la maziko. Nyuma yake walifuata wake zake, watoto, makuhani na watumishi, wote kwa nyeupe na vito, mikononi wameshika keris, jambia la huko. Walipowakaribia askari, mfalme alishuka na kuhani akamchoma kifuani. Wengine wakachomana, wengine wakawavamia askari. Wanawake waliwarushia Waholanzi mikufu na sarafu za dhahabu. Risasi zikamiminwa mpaka maiti zikalaliana, kisha maiti zikavuliwa vito. Siku hiyo hiyo yakatokea yale yale kwenye kasri ya Pemecutan; mwaka 1908 ikawa zamu ya Klungkung, ufalme mwingine wa Bali.

Wabali wenyewe wanasema puputan, kupigana mpaka mwisho. Mtu hapigani peke yake. Ndani ya neno hilo adui yumo. Kwenye "kujiua" hayumo. Katikati ya Denpasar uwanja unaitwa Puputan Badung, na sanamu yake ni ya baba, mama na watoto walioshika silaha. Nasi tuandike puputan, hata ikibidi kulieleza kila mara.