Msibani: huku wanabembeleza, kwetu tunatisha

Ukitaka kujua kanisa linavyohubiri, usiende Jumapili, nenda msibani. Huku Ujerumani mchungaji wa Kilutheri haandiki mahubiri ya maziko kabla hajakaa na wafiwa sebuleni, saa nzima au zaidi, akiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani na mstari wa Biblia aliopewa siku ya kipaimara ulikuwa upi. Muda anao, maana maziko mara nyingi hufanyika wiki moja au zaidi baada ya kifo. Siku ikifika anasoma kwenye karatasi dakika 10 hadi 15. Mijini ukumbi wa makaburini hutolewa kwa nusu saa tu, na familia nyingine inasubiri nje.

Faraja yao nzuri, naionea wivu. Ila utakuta ndugu wawili wasiosemezana wamekaa safu mbalimbali, mchungaji kayajua hayo tangu sebuleni, na mimbarani hayagusi. Watu wanakunywa kahawa, wanakula keki, wanaachana vilevile walivyokuja.

Kwetu Tanzania mtu huzikwa siku ya pili au ya tatu, mchungaji ana mitaa kadhaa (makanisa madogo ya usharika wake), na maisha ya marehemu mara nyingi anayasikia wasifu unaposomwa. Asiyemjua marehemu atahubiri nini? Atahubiri kifo. "Leo yeye, kesho wewe!" Chini ya turubai kuna watu ambao kanisani hawaonekani mwaka mzima, basi anaona hapa ndipo pa kuwanasa. Dakika 40 za jehanamu, ulevi na bahasha za ahadi za sadaka zisizorudishwa, spika zikinguruma, na mjane yuko pale mbele kajifunika khanga.

Na kwa makali yote hayo, onyo halimpati mtu. Shemeji aliyekwisha kuuliza hati ya kiwanja iko wapi naye anaitikia "Amina!" kwa sauti. Marko 12:40, panapotajwa wanaokula nyumba za wajane, sijui kwa nini hapasomwi misibani.

Paulo katika 1 Wathesalonike 5:14 anatenganisha: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo. Sisi tunamkaripia dhaifu, na mkorofi anaondoka salama.

Mwinjilisti aliyekabidhiwa msiba jioni kwa ajili ya kesho bado anaweza kupata nusu saa na wafiwa. Aulize nani alimuuguza marehemu, nani anabaki na watoto, na kama kuna ugomvi. La siri amwendee mhusika faraghani kabla ya ibada, kama nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi kumwonya (2 Samweli 12). Mimbari si mahali pa kumuumbua mtu. Kwenye mahubiri onyo liwe moja, dakika mbili tatu, na litaje tendo: mjane asitolewe nyumbani, watoto warudi shule. Likae katikati. Likiwekwa mwishoni, wafiwa wanalibeba mpaka kaburini na faraja yote iliyotangulia inayeyuka. Kaburini penyewe ni somo fupi na sala. Anayeanza mahubiri ya pili pale juani anawahubiria watu wanaotafuta kivuli.

Na mchungaji wa huku Ujerumani? Sebuleni alishakaa, karatasi anayo. Kilichokosekana humo ni sentensi moja tu, kwamba baba yenu amekufa akiwangoja ninyi wawili mpatane.