Boti Isiyobeba Dagaa

Jamani, mtu wa Kigoma kusema anatafuta mtumbwi ni kama mtu wa Tabora kusema anatafuta embe. Wanakutazama usoni, wanashuka mpaka kwenye ndala, halafu wanakuuliza taratibu, "Umelala vizuri lakini?" Maana mitumbwi hapa ndiyo kuku wetu. Ukishuka Kibirizi asubuhi unaipita kwa ubavu. Ukienda Katonga imelala ufukweni kama watu waliotoka ngomani. Ujiji usiseme. Na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Sasa wewe mwenye ziwa hilo mlangoni unatafuta mtumbwi gani mwingine?

Wa korongoni. Ndiyo, umesikia vizuri.

Kuna watu duniani wanachukua kijito chembamba, kile ambacho kiangazi unakiruka bila hata kukunja suruali, wanasubiri mvua ikijaze, halafu wanakifuata mpaka juu mlimani na kaboti kafupi, wanashuka katikati ya mawe na maporomoko mpaka chini. Wakifika chini wazima wanabeba boti begani, wanarudi juu. Maji yamepangiwa hata madaraja ya hatari, la 1 mpaka la 6. La 1 unavuka na mtoto mgongoni. La 6 unaandika wosia kwanza. Huu ugonjwa niliuokota Jinja, Uganda, nilikokaa miaka miwili nikipika kwenye kambi ya watalii. Siku za mapumziko vijana wa kambini wakanifundisha. Lakini Nile ni maji mengi, mapana, yanakurusha kama godoro. Mimi moyo wangu ulikwenda kwenye vile vijito vyembamba vyenye mawe, na vya aina hiyo tunavyo huku kwenye milima, upande wa Buhigwe. Vya Gombe tusivizungumze, ile ni hifadhi, wenye haki ya kucheza mle ni sokwe. Na mto Malagarasi waachieni wenyewe, mamba na kiboko.

Nilianza kistaarabu. Nikaenda Katonga kwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi, mtu aliyechonga vyombo kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikampa simu yenye picha. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mbona imepinda kama ndizi? Ncha zote mbili hazigusi maji."

Nikamweleza kwamba ndivyo inavyotakiwa. Ncha zinainuka na ni butu, ili ukianguka kwenye poromoko usichomeke chini kwenye mwamba, uibuke. Na tumbo ni la mviringo ili ijigeuze haraka kati ya jiwe na jiwe.

"Inakwenda moja kwa moja?"

"Hapana mzee, hiyo haiendi moja kwa moja hata ukiiomba."

"Futi ngapi?"

"Tisa."

"Injini inakaa wapi?"

"Haina."

"Wavu?"

"Hauna."

"Sasa dagaa anakaa wapi?"

"Mzee, hakuna dagaa."

Kimya. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi barua ya msiba. "Mwanangu, nikikuchongea hii, mteja mwingine akipita akaiona hapa, nitamwambia nini?" Halafu akaongeza jambo ambalo, kwa kweli, alikuwa sahihi: "Na mbao ikikutana na jiwe kwa mwendo huo unaousema, mtafika chini mko vipande vitatu. Viwili vya mtumbwi."

Basi mbao zikafa siku hiyo. Nikageukia plastiki.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba binadamu hata akitaka upuuzi anachelewa. Kulikuwa na plastiki moja inaitwa Royalex, matabaka yaliyobanwa pamoja na sponji katikati. Mtumbwi wake ukigonga jiwe unabonyea, halafu unarudi wenyewe kama chapati ya jana. Watu waliuimbia sifa. Ndiyo kwanza nimelijua jina, nakuta ni marehemu: mwaka 2014 waliacha kuitengeneza. Wenye mitumbwi ya Royalex wameificha mabandani wanaipangusa vumbi. Wakanada wa kiwanda cha Esquif wakatengeneza mbadala wakauita T-Formex, lakini hizi fupi za korongoni nyingi ni za polietilini tu. Unga wa plastiki unawekwa kwenye kalibu la chuma, kalibu linazungushwa ndani ya moto mpaka plastiki inapaka kuta zote.

Jioni nikamsimulia mama watoto. Sikujua najichimbia.

"Yaani linavyotengenezwa tanki la maji?" akauliza.

"Hivyohivyo! Umeelewa kuliko fundi!"

"Tanki tunalo nyuma ya nyumba, Baba Shabani. Lita elfu moja. Ingia."

Nikajaribu kumweleza mambo ya ncha na tumbo. Akasema pipa lake la kulowekea mihogo limepasuka tangu Ramadhani, na kwamba mtu anayeona boti za Kanada kwenye simu angekuwa anaona na mapipa. Nikanyamaza. Kuna hoja mtu hujibu kwa kwenda kulala.

Kesho yake nikampata muuzaji mtandaoni, yuko mbali huko Ulaya. Mtu mwema, ila maswali yake. La kwanza: una uzito gani? Nikadhani anataka kunioa. Kumbe ukiwa mzito kwenye boti ndogo unakaa nusu ndani ya maji, ukiwa mwepesi kwenye boti kubwa maji yanakugeuza yanavyotaka. Sasa mimi nauza mawese soko la Mwanga, uzito wangu mara ya mwisho ulipimwa kliniki, nimebebwa. Mzani wa karibu ulio mwaminifu uko Kibirizi kwenye dagaa. Nikaenda mapema nikijua hakuna watu. Walikuwapo wote. Nikapanda pale penye magamba, akina mama wa dagaa wakasogea kusoma.

"Tisini na mbili!" akapaza mmoja. "Huyu mbichi au mkavu?"

"Kaukeni kwanza, Baba Shabani, mkikauka mnabaki thelathini."

Mpaka leo nikipita pale naulizwa bei ya kilo.

Bei sasa. Mpya ni dola 1,500 na kupanda, na hapo unanunua ganda. Tandiko la kukalia (unapiga magoti, hukai kama kwenye kiti), mikanda ya kubana mapaja, mifuko ya hewa ya kujaza mbele na nyuma ili maji yasipate pa kukaa, kofia ngumu, boya la kuvaa, kafi, vyote pembeni. Wengine hufunga na kapampu ka betri ka kutoa maji, maana mtumbwi huu uko wazi juu, kila poromoko unalipita umebeba ndoo kadhaa za bure. Ukiuliza kwa nini nisichukue kayaki iliyofunikwa, yenye kafi la pande mbili, nitakujibu kwamba baba yangu alivuka ziwa hili na kafi la upande mmoja, amepiga goti, na sioni sababu ya kumzidi. Nilipomwambia mke wangu hivyo, akasema baba yangu alirudi na samaki.

Halafu usafiri. Nauli ya kontena mpaka Dar, ushuru, ghala, halafu kutoka Dar kuja huku mwisho wa reli. Nikapiga hesabu nikaona ni pikipiki mpya na chenji inabaki. Nikakasirika nikiwa nimekaa pale bandarini naitazama Liemba. Hebu fikirini: Wajerumani waliiunda ile meli kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaitia masandukuni, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda reli, ikaungwa hapa Kigoma, na mwaka 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena. Chombo cha mita 71! Mimi cha mita mbili na robo tatu, kilo ishirini na kitu, naambiwa "haiwezekani, ni ndefu sana."

Nikakata tamaa wiki nzima. Nikauza mawese kama watu wengine. Ndipo kijana mmoja wa Jinja akanipigia: kuna boti ya namna hiyo, mgeni aliondoka akaiacha, imechubuka chini lakini haijatoboka, ina mifuko yake na pampu, dola 600. Chubuko si neno, unanyoosha kidole unapima kina chake. Tatizo ni mpasuko, na sehemu ya katikati unapokaa ikilainika ukibonyeza. Nikamwambia abonyeze mbele ya kamera. Akabonyeza. Nikauza pikipiki ya zamani (mama watoto anajua nimemwazimisha mtu) nikapanda basi.

Kwenda sina la kusema. Kurudi, ndugu zangu.

Boti niliifunga turubai la buluu na kamba ili isinivutie maswali. Kumbe nimeyaita. Mpakani afisa mmoja aliizunguka mara tatu.

"Chombo cha uvuvi?"

"Hapana."

"Cha abiria?"

"Ni mimi peke yangu."

"Sasa ni cha nini?"

"Cha kushukia maporomoko."

"Kwa nini?"

Hilo swali halikuwa kwenye fomu yoyote. Nimelipa nilichotakiwa kulipa, nimesaini nilipotakiwa kusaini, lakini lile "kwa nini" bado nadaiwa.

Biharamulo nikapata basi lenye keria. Konda akatazama kitu kirefu, kimefungwa turubai, kimebebwa na mwanaume mwenye macho mekundu ya kutolala. Akavua kofia. Akawaita vijana watatu wakakipandisha polepole, bila ile kelele yao ya "shika shika". Mimi nikaona, aa, kumbe kuna makonda wastaarabu. Nikaingia. Basi zima kimya. Redio imezimwa. Mama mmoja akanipisha kiti cha dirishani, akanishika mkono.

"Pole sana, mwanangu."

"Ahsante mama," nikasema, nikidhani ni ya safari.

"Alikuwa mrefu, eeh?"

"Futi tisa," nikajibu.

Mama akaachia mkono wangu. Nyuma nikasikia mtu anasema "Subhanallah".

Nilipoelewa tulikuwa tumeshapita Nyakanazi, na kuelewa hakukunisaidia. Ungesemaje? Usimame katikati ya basi utangaze kwamba hakuna marehemu, ni boti, haina dagaa? Kakonko mzee mmoja akaomba dua, watu wakaitikia amin, na mimi nikaitikia, maana dua haikataliwi. Kibondo wakapitisha kofia. Elfu ishirini na tatu! Nikajaribu kuirudisha, wakasema huyu kijana ana heshima sana, wakaongeza elfu mbili. Kasulu dereva akasimamisha gari ninywe chai bure. Nilipofika Kigoma nikashuka nimeinama, siyo kwa kuigiza, kwa aibu. Vijana wakaishusha, kamba ikateleza, turubai likafunguka upande mmoja, ikatokea ncha nyekundu, imepinda kama ndizi.

Konda akaitazama. Akanitazama. Akavaa kofia yake.

"Bro," akasema, "mizigo yenye ukubwa huu tunachaji elfu thelathini."

Nikampa ile ya rambirambi, nikaongeza elfu tano yangu.

Hiyo ilikuwa Agosti. Agosti korongo langu la Buhigwe lina maji ya kunawia uso. Mtumbwi huu ni wa mvua, na mvua huku ni kuanzia Novemba. Kwa hiyo miezi mitatu boti imekaa uani, na kila jirani amepita kuiuliza dagaa. Watoto wamechukua mifuko ya hewa wanaichezea mpira. Mwenye nyumba wa pili aliomba aikodi anyweshee ng'ombe. Nikakataa kwa ukali, nikasema hiki ni chombo maalumu.

Juzi usiku ikapiga mvua ya kwanza ya maana. Bati linalia, mimi nimekaa kitandani natabasamu gizani kama mwizi. Alfajiri nikaswali, nikachukua kofia ngumu, nikachukua kafi, nikamwambia Shabani aite kijana wa Kirikuu. Nikatoka uani.

Boti imejaa maji mpaka ukingoni, na siyo ya mvua. Ndani mihogo. Imemenywa, imepangwa safi, inalizunguka lile tandiko la magoti kwa adabu kabisa maana limegundishwa halitoki. Juu kafunika na turubai langu la buluu. Harufu ilishaanza.

"Mama Shabani!"

Akatoka na kanga yake, hana wasiwasi.

"Nimeiloweka jana. Baada ya siku nne utaikuta boti yako. Pipa si nilikwambia?"

"Maji yamejaa mtoni leo! Siku nne yatakuwa yamekwisha!"

"Mvua ni mpaka Mei, Baba Shabani. Mihogo haingoji." Akainama, akachovya kidole, akaona kipele cheusi chini ya tandiko. "Na hiki ndicho nini?"

"Pampu."

"Ya kutoa maji?"

"Ya kutoa maji."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nawaza nitayamwagaje."

Inafanya kazi vizuri sana. Nimeijaribu.