Betri ya taa ikifa, ni mali ya nani?

Kigoma imehama kutoka karabai kwenda taa za LED, na hakuna mvuvi wa dagaa anayetaka kurudi nyuma. Karabai ilikunywa mafuta ya taa usiku kucha, na tone moja la mvua lilitosha kupasua glasi. Sola, simu na minara navyo vimeenea. Sawa. Lakini kila taa inategemea betri, na anayeuliza mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, betri itakwenda wapi ikishakufa huambiwa anapinga maendeleo.

Swali hilo si geni. Mwaka 1982 wakazi wa San Jose, California, waligundua kwamba kemikali ya kusafishia vipuri vya kompyuta imevuja kutoka tangi lililofukiwa chini, kwenye kiwanda cha Fairchild, hadi kisima cha maji ya kunywa. Viwanda hivyo vilikuwa vikisifiwa kuwa safi kwa kuwa havina dohani. Madai ya wakazi yaliyozaa matunda yalikuwa ya kawaida kabisa: tangi liwe na kuta mbili, na jirani ajue kimehifadhiwa nini. Karibu nasi, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido na wenzake walipambana mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mahakama ilitamka fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, kisha rufaa zikafuata.

Betri ya asidi ya Ah 70 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) ina uzito wa kilo 18 hivi, na zaidi ya nusu ni risasi. Ndani kuna takribani lita nne za asidi. Mnunuzi wa vyuma chakavu analipia risasi, hivyo asidi humwagwa hapohapo mchangani, na haiendi peke yake: hubeba risasi iliyochakaa kama tope la kijivu. Kumwagia majivu au magadi hupunguza ukali wa asidi tu. Risasi inabaki palepale, na watoto ndio wanaocheza hapo; mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Isitoshe, risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, kwa hiyo jiko la mkaa linatosha kumimina chubwi, yaani vizito vya nyavu, uani, karibu na sufuria ya ugali.

Ndiyo maana sioni faida ya kampeni za kuokota taka ufukweni na kupiga picha. Kinachotakiwa ni rehani, kama ya kreti la soda: anayenunua betri mpya bila kurudisha ya zamani alipe zaidi, na muuzaji alazimike kupokea iliyokufa ikiwa na asidi yake. Akiihifadhi, isimame wima juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, na iandikwe daftarini. Anayekuja kuichukua aonyeshe kibali cha kukusanya taka hatarishi.

Hilo liandikwe kwenye sheria ndogo, na hapa ndipo wengi hukwama. Vijiji kama Mwamgongo au Sigunga vinaweza kutunga: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, kisha rasimu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo ni karatasi tu. Rasimu nyingi hufia njiani kwa sababu hakuna aliyebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, wala orodha ya mahudhurio yenye saini. Kibirizi na Katonga ni habari nyingine: ziko manispaa, mtaa hautungi sheria ndogo, kwa hiyo hoja ipite kwa diwani.

Msitegemee BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, peke yake. Mwaloni, kiongozi wa kikundi anaweza kuwa ndiye mwenye duka la betri, na sioni atakavyojibana mwenyewe. Mkutano pia uitwe wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa giza likirudi wavuvi wanakesha ziwani na mchana wamelala. Mkiuitisha siku hizo mtajadili betri na watu wasiomiliki hata moja.

Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa upande wetu kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Betri ikiachwa muda huo chini ya volti 12 bila kuchajiwa, salfeti, chumvi ya risasi, hugandia sahani zake za ndani na haiamki tena. Kwa hiyo ziwa likifunguliwa, betri zilizokufa hutoka zote kwa mpigo, na wanunuzi wa chakavu wanalijua hilo. Rasimu iwe imefika wilayani kabla ya Mei.