Obama Alianza kwa Kukagua Saini

Pale steji ya Kongowea wamebandika bango jipya. Kijana mmoja, suti ya buluu, miwani isiyo na kazi, anatafuta kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, 2027. Nyuma yake wamemweka Obama, anatabasamu kama aliyekuja mwenyewe kumwombea kura. Chini, kwa herufi za manjano: "OBAMA HAKUNGOJA ZAMU." Matatu mbili zilinipita nikilitazama bango hilo. Ya tatu niliipanda nikiwa nimenuna.

Hakungoja zamu! Mtu aliyekaa karibu miaka minane katika Seneti ya jimbo la Illinois, sita kati ya hiyo akiwa upande wa wachache, miswada yake ikizikwa kamatini bila hata matanga, huyo ndiye hakungoja zamu?

Najua uzushi huu ulikoanzia. Wakenya wengi tulimjua Obama mwaka 2004, akiwa ameshahutubia mkutano wa chama chake kule Boston. Haikupita miaka mingi watu wakawa wanaiita bia ya Senator keg kwa jina lake, na 2008, aliposhinda urais, Kibaki akatupa sikukuu nzima, tarehe 6 Novemba, tukalala hadi saa nne. Kwetu sisi huyo mtu alizaliwa akiwa seneta wa Washington. Ile Seneti nyingine, ya Springfield, mji mkuu wa Illinois, yenye watu 59, tuliiruka kama mtaro.

Basi turudi mtaroni.

Kiti alichoanzia, huko South Side ya Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Mama huyo aliamua kwenda kutafuta ubunge wa Washington, akamwachia Obama njia na hata kumtambulisha kwa watu wake. Mwishoni mwa Novemba 1995 mama akashindwa katika mchujo na Jesse Jackson Jr., basi akarudi kukidai kiti chake. Wakubwa wa mtaa wakamkalisha kijana chini wamwombe ampishe mama. Akakataa. Mpaka hapo ni hadithi ya kila wadi ninayoijua.

Lakini hakuishia kukataa. Watu wake walikwenda afisi ya uchaguzi, wakachukua fomu za Palmer na kuzipitia saini moja baada ya nyingine. Zilitakiwa saini 757 za wapiga kura halali. Huyu hajasajiliwa. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia saini. Kata, kata, kata. Palmer akajiondoa mwenyewe, na wawaniaji wengine watatu nao wakaenguliwa kwa dawa ile ile. Mchujo wa Machi 1996 ulipofika, kwenye karatasi ya kura ya chama chake kulikuwa na jina moja tu, na unalijua ni la nani. Na huyu ndiye aliyekuwa ameongoza kampeni ya kuwasajili wapiga kura weusi Chicago mwaka 1992! Miaka mitatu baadaye yuko upande wa pili wa meza, anatafuta kasoro za waliosajiliwa.

Sheria ilimruhusu, sawa. Wagombea huru wetu wa wadi, wanaozunguka na karatasi kutafuta saini 500, wataelewa zaidi yangu kitendo kile kinavyouma. Lakini nataka kijana wa bangoni ajue hivyo ndivyo alivyoingia: kwa kusoma kanuni za uteuzi usiku kucha, akazijua kuliko mwenye kiti.

Springfield ni mji mdogo wa serikali, mashamba ya mahindi pande zote, saa tatu na zaidi kwa gari kutoka Chicago. Huko alikwenda na kurudi miaka yote hiyo, huku akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Jioni alicheza poka na wabunge wa vyama vyote viwili, maana mchana chama tawala hakikuwa na haja naye. Mwaka 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kuwabana wabunge wanaopokea zawadi. Hebu peleka mswada kama huo katika bunge lolote la kaunti hapa, kisha utuambie ziara ya kujifunza ya Dubai umeachwa au hukuachwa.

Akashindwa vibaya pia. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush katika ubunge wa Washington akapigwa asilimia 61 kwa 30. Katikati ya kampeni hiyo alikuwa Hawaii na familia, mtoto akaugua, akakosa kura ya sheria ya bunduki iliyoanguka kwa kura chache. Magazeti yakamla mbichi. Kiangazi cha mwaka huo wa 2000 akaruka kwenda Los Angeles kwenye mkutano wa chama, kadi yake ya mkopo ikakataa pale pa kukodi gari, na ukumbini hakuwa na ruhusa ya kufika waliko wajumbe. Ningependa kuona bango lenye picha ya siku hiyo.

Alifanyaje baada ya hapo? Mwaka uliofuata aliketi mbele ya kompyuta ya chama kule Springfield wakichora mipaka upya, na eneo lake likanyooshwa kando ya ziwa hadi kwa matajiri wa katikati ya jiji. Mipaka, jamani. Nasi tulidhani ni ugonjwa wetu peke yetu.

Januari 2003 chama chake kikaishika Seneti, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na Obama akapewa miswada ambayo wenzake walikuwa wameilea miaka. Walinung'unika, na haki walikuwa nayo. Nitakubali pia, kwa shingo upande, kwamba zaidi ya mara 100 katika miaka hiyo alibonyeza kile kitufe cha "nipo", cha mtu aliyehudhuria bila kuchagua upande, badala ya ndiyo au la. Mbinu ya bunge, wanasema watetezi wake. Haya.

Lakini mswada mmoja ndio unaonifanya nimsamehe mengi. Illinois ilikuwa na aibu kubwa: watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wameachiliwa baada ya hukumu zao kubatilishwa, na Chicago ilijulikana kwa polisi waliowatesa watu hadi wakakiri. Obama alitaka mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe kwa video, tangu mwanzo, si ile dakika ya mwisho mtu ameshavunjika anasema ndiyo. Polisi hawakutaka. Waendesha mashtaka hawakutaka. Gavana mwenyewe alikuwa na shaka. Alikaa nao wote, kikao baada ya kikao, akibadilisha neno hapa, akikataa kubadilisha pale, mpaka mswada ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuliweka jambo hilo kwa sheria iliyopitishwa na bunge lake.

Nani kati yetu anaukumbuka? Hakuna kibao Kogelo, kijijini kwa baba yake, chenye tarehe ya sheria ile. Nasi ndio tulio katika nchi ambayo kijana huingia seli akitembea akatoka akibebwa, tukaambiwa amejigonga ukutani, na kamera, kwa bahati ya ajabu, zilikuwa zimeharibika usiku huo huo. Katika mambo yote aliyofanya mtu huyu hilo ndilo tungeliiba kwanza. Tukaiba kaulimbiu.

Bango lina nambari ya simu. Nikaipiga nikiwa ndani ya matatu. Kijana akapokea mwenyewe, ana adabu, akaniita kaka. Nikamuuliza akiingia bunge la kaunti ataanza na mswada gani.

Akanyamaza kidogo. "Kaka," akasema, "mambo ya miswada si ni ya kule Nairobi?"